Mwalimu Theopista na Maji ya Nyuma

Watu wa Bunyasanga walikuwa na tabia moja iliyomchosha Mwalimu Theopista kuliko kusahihisha madaftari. Karatasi yoyote yenye Kizungu ilipelekwa kwake asome, na akishasoma, hakuna aliyeamini alichosema. Walimletea magunia ya mbolea awaambie yameandikwa nini ubavuni. Walimletea makopo ya dawa za mifugo. Akisema, "Hii ni ya kuogeshea ng'ombe, si ya kumnywesha," mwenye ng'ombe alikohoa kidogo, akashukuru kwa adabu, kisha akaenda kumuuliza jirani asiyejua hata kuandika jina lake.

Alikuwa mzaliwa wa Ushirombo, binti wa Tarsisi fundi matofali wa misheni. Masista walimsomesha mpaka darasa la nane, akapita chuo cha ualimu, na mwaka 1964 akapangiwa Bunyasanga, safari ya kutwa nzima kwa miguu kutoka Masumbwe. Alijiambia atakaa miaka miwili. Mumewe, Otmar, alikuwa seremala kwenye mgodi wa Geita. Mgodi ulipofungwa mwaka 1966, Otmar alitia misumeno na randa zake kwenye gunia, akamfuata mkewe na binti yao Justina kijijini, akaanza kutengeneza madawati. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hilo nalo lilimuudhi Theopista siku ambazo alitaka mtu wa kugombana naye.

Jambo lililomuudhi kuliko yote lilikuwa maji. Wakati wa masika, Bunyasanga ilikuwa na madimbwi kila mahali. Kiangazi kikiingia, madimbwi yalikauka na wanawake walianza safari ya kijito cha Nyamhala. Walitoka jogoo la kwanza, wakarudi jua limekwisha kupanda. Wasichana wa darasa la tano waliingia darasani na nywele zimelowa mbele, wakalala juu ya madaftari. Theopista aligonga meza kwa rula, akawafokea, kisha akajionea haya, kwa kuwa alijua walikotoka. Mwaka 1974, watu wa vitongoji vya mbali walipohamishiwa kijijini, kaya ziliongezeka karibu mara tatu, na Nyamhala ikabaki ile ile.

Ndiyo maana Septemba ya mwaka 1975, Landrova ilipotokea na mzungu mrefu mwenye kofia ya turubai, watu walimshangilia kama harusi. Alikuwa mtaalamu wa maji, mmoja wa wale waliokuwa wakizunguka mkoa mzima wa Shinyanga kuandaa mpango mkubwa. Theopista alitolewa darasani aje kutafsiri. Mtaalamu alitazama ramani yake, akatazama kilima cha mawe kilicho kaskazini ya kijiji, akapiga picha mbili. Aliuliza barabara inaishia wapi. Theopista akamjibu kwamba barabara ndiyo hiyo aliyoipita. Akauliza kama kuna soko. Halipo. Zahanati? Haipo. Aliandika, akanywa glasi mbili za maji, akashukuru. Kabla ya saa saba mchana vumbi la gari lake lilikuwa linatua juu ya mihogo.

"Hakuuliza hata tunachota wapi," Theopista alimwambia mumewe jioni ile.

"Labda anajua," Otmar alisema.

"Atajuaje, Baba Justina? Ameoteshwa?"

Ripoti ilifika baada ya miezi tisa, Juni ya mwaka uliofuata, watu walipokuwa wamemaliza kuvuna. Haikufika yote. Ilifika karatasi moja iliyopigwa chapa, iliyotumwa kutoka wilayani, yenye maelezo ya vijiji vya upande ule. Aliyeipokea alikuwa Bujiku, katibu wa kijiji, kijana wa miaka thelathini aliyehudhuria mafunzo ya miezi sita mjini na kurudi na kalamu tatu mfukoni. Bujiku hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake ni kwamba alipenda sana habari njema, na alizipenda zaidi zikipitia mdomoni mwake.

Akaitisha mkutano. Mwenyekiti, Mzee Maduhu, akafungua kwa maneno mawili na kumpa nafasi. Bujiku aliinua karatasi juu, akasoma kwa Kiingereza polepole, huku akivuta kila neno: "Bunyasanga is a backwater." Akanyamaza ili watu wapate hamu. Kisha akatafsiri.

"Ndugu wananchi, *back* ni nyuma. *Water* ni maji. Wataalamu wamethibitisha kwamba Bunyasanga kuna maji nyuma!"

Vigelegele vilipasuka. Wanawake walisimama, mama mmoja akaanza kucheza. Bujiku akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni.

Theopista alikuwa amekaa na walimu wenzake. Alingoja kelele zipungue, akainua mkono.

"Ndugu Katibu, samahani. Hilo neno sijapata kulisikia, kwa hiyo sitasema najua maana yake. Lakini haikuandikwa 'kuna'. Imeandikwa 'ni'. Bunyasanga *ni* kitu fulani. Kijiji hakiwezi kuwa maji."

"Mwalimu, hiyo ni lugha ya kitaalamu."

"Naomba basi niione hiyo karatasi."

"Ni waraka wa ofisi," Bujiku alisema, akapapasa mfuko wake. "Mwalimu, tusiwe watu wa kuvunja moyo wananchi."

Watu waliguna kumuunga mkono. Miaka kumi na miwili alikuwa amewasomea barua za watoto wao walioko Mwanza na Tabora, na leo walimtazama kana kwamba amewamwagia maji mlangoni.

Mzee Maduhu, ambaye kama wengi pale aliiita ripoti "lipoti", aliuliza swali la maana: lipoti inasema maji yako nyuma ya nini? Hapo mkutano ukawaka. Wengine walisema uso wa kijiji ni shule, kwa hiyo nyuma ni kwenye mashamba ya karanga. Wengine walisema uso ni barabara ya Masumbwe, anakotoka mgeni, kwa hiyo nyuma ni kilimani. Mzee mmoja alisema kwa desturi yao nyumba hutazama machweo. Walibishana mpaka kuku wakaanza kutafuta pa kulala. Mwishowe kilima kilishinda, kwa sababu mzungu alikipiga picha.

"Watachimba mwamba," Theopista alisema njiani. "Otmar, unanisikia? Watachimba mwamba kwa sababu ya neno moja ambalo hakuna anayelijua."

"Nimesikia," alisema Otmar. "Wameniteua msimamizi."

Theopista alisimama katikati ya njia.

"Wamesema nimetoka mgodini," Otmar aliendelea.

"Mgodini ulikuwa unachonga milango ya ofisi!"

"Nimewaambia. Wamesema mgodi ni mgodi."

Kesho yake asubuhi na mapema Theopista alifungua kabati la shule na kutoa kamusi ya Kiingereza. Ilianzia kwenye herufi D. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimekwenda na mwalimu mkuu aliyetangulia, mvutaji mkubwa wa tumbaku ya kusokota. Theopista aliirudisha kabatini na kuufunga mlango kwa nguvu mpaka chaki zikaanguka. Akamwuliza mwalimu mkuu wa sasa. Alikuwa hajui. Akamwuliza bwana shamba aliyepita na pikipiki. Huyu alisema bila kusita kwamba ni aina ya pampu.

Kilimani kazi ilikwishaanza. Kila kaya ilitoa mtu siku mbili kwa juma. Mita tatu za kwanza zilikuwa kokoto na udongo mwekundu, watu waliimba. Mita ya nne walikutana na jiwe. Waliwasha moto juu yake, wakalimwagia maji ili lipasuke, na maji hayo ya kupasulia jiwe yalibebwa na wanawake vichwani kutoka Nyamhala. Theopista alipoona hilo alikaa chini kwenye kifusi.

Jirani yake, Mbuke, mjane wa makamo aliyekuwa hodari wa kulima mpunga, alipita na ndoo kichwani.

"Mwangaluka, mayu," Mbuke alimsalimia kwa Kisukuma, akimwita mama. "Mbona umekaa kama uliyefiwa?"

"Mbuke, hivi wewe unaamini kuna maji hapa?"

Mbuke alitazama shimo, akatazama kilima. "Mimi nimeambiwa nilete ndoo, nimeleta ndoo."

Likizo ilipoanza, Theopista hakungoja. Alifunga viazi vya njiani kwenye kanga, akatembea hadi Masumbwe, na kutoka hapo akapata lori la pamba lililompeleka Ushirombo. Alimkuta padri mzee Mholanzi aliyembatiza, ameketi barazani akitengeneza miwani yake kwa uzi.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padri."

"Milele na milele, amina. Theopista wa Tarsisi! Umekonda. Unaumwa?"

"Siumwi, Padri. Nimekasirika." Akamweleza yote, toka glasi mbili za maji mpaka shimo.

Padri hakucheka, na kwa hilo Theopista alimshukuru Mungu. Alikwenda ndani, akarudi na kamusi nene kama tofali, akapekua.

"Neno hili limetoka mtoni," alisema. "Mto ukienda kwa nguvu, mahali fulani maji husukumwa kando, yakarudi nyuma kidogo, yakatulia. Mto unaendelea na safari yake, yale yanabaki. Hayaendi popote. Majani yanaanguka humo yanaoza. Hiyo ndiyo asili yake."

"Bunyasanga hakuna mto, Padri."

"Kwa hiyo kuna maana ya pili. Waingereza walilichukua neno wakalivika mahali. Mahali ambapo dunia inapita kando. Habari hazifiki, jipya haliingii, na mambo yakitokea huko hakuna anayesikia. Palipotuama."

Theopista akauliza, "Ni tusi?"

"Hutegemea nani anasema, na anasema wapi." Padri alivaa miwani yake yenye uzi. "Mimi nimezaliwa katika kijiji cha namna hiyo. Ndugu zangu wakikiita hivyo wanacheka, wanakipenda, wala hawataki kuhama. Lakini angekuja mtu wa mji mkuu akakiita hivyo mezani kwetu, mama yangu angemnyima kahawa. Na utaona jambo moja: hakuna anayelitumia kwa mahali anapopahitaji. Hata mji wenye reli na hospitali utaitwa hivyo, ikiwa msemaji hana shida nao."

"Na likiandikwa kwenye ripoti ya maji?"

Padri aliifunga kamusi. "Likiandikwa kwenye ripoti, binti yangu, kwa kawaida kuna sentensi nyingine inayofuata. Inasema nini?"

Sentensi inayofuata! Bujiku alisoma mstari mmoja akaikunja karatasi, na watu mia tano na zaidi, Theopista mwenyewe mmoja wao, hawakuuliza chini yake kumeandikwa nini. Alijikasirikia kiasi kwamba hakulala misheni. Aliondoka na lori la mchana ule ule.

Alipofika Bunyasanga siku ya pili alasiri, alimkuta Otmar amekaa mlangoni, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa cha shuka mpaka kwenye kiwiko. Kamba ya kuvutia mawe ilikuwa imekatika. Ndoo ya mawe ilishuka, Otmar aliyekuwa ndani ya shimo akawahi kumsukuma kijana aliyekuwa naye, jiwe likambana mkono ukutani. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimesagika.

"Ni mkono wa kushoto tu," Otmar alisema.

"Tu?" Theopista alipiga magoti, akafungua kitambaa, akaangalia, akafunga tena. "Randa unashikaje kwa mkono mmoja? Patasi unashikaje?"

"Nitazoea, Mama Justina."

Theopista alichemsha maji, akaosha kidonda kwa chumvi, akamfunga upya kwa kitambaa safi na kumtafutia mtu wa kumpeleka zahanati ya Masumbwe kwa baiskeli kesho yake. Kisha, bado na vumbi la safari miguuni, akaenda moja kwa moja hadi ofisi ya kijiji.

Bujiku alisimama alipomwona. Alikuwa amepungua, macho yalimwingia ndani.

"Mwalimu, pole sana. Nimekwenda kumwona mzee mara mbili. Mimi..."

"Karatasi."

"Mwalimu..."

"Ndugu Bujiku, sikuja kuomba. Karatasi."

Aliitoa. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo. Theopista aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa akaisoma tena. Chini ya jina la Bunyasanga kulikuwa na sentensi mbili tu. Ya kwanza ile ile. Ya pili ilisema kwamba kwa kuwa barabara haifai na watu hawana shughuli ya maana ya uchumi, haipendekezwi kufanya kazi yoyote ya maji hapo katika awamu ya kwanza wala ya pili. Lifikiriwe tena baada ya mwaka 1985.

Alimtafsiria Bujiku neno kwa neno. Bujiku alishika kichwa.

"Hukuisoma hii?" Theopista aliuliza.

"Nilisoma mpaka pale nilipoelewa."

"Na pale ulipoelewa, hukuelewa."

"Ndiyo, Mwalimu. Nilitaka kuwe na maji."

Theopista alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Alikuwa na maneno makali ya kutosha siku nzima. Jibu hilo lilimnyang'anya yote, na hilo nalo likamuudhi.

Mkutano uliitishwa Jumapili baada ya sala. Safari hii Bujiku mwenyewe ndiye aliyesema kwamba alikosea, kazi ya kilimani isimame, na Mwalimu atasoma. Theopista alisimama mbele ya watu, na hapo ndipo alipogundua kwamba kujua maana ni kazi moja, kuisema mbele ya wenyewe ni kazi nyingine. Alijaribu "kijiji cha mbali". Alijaribu "mahali patulivu", akaona anadanganya. Mwishowe akasema ilivyo.

"Ametuita kidimbwi. Maji yaliyobaki kando, mto umepita. Kwa sababu hiyo anasema tungoje miaka tisa, halafu watufikirie."

Mzee Maduhu ndiye aliyeuliza kwanza.

"Kwa hiyo mzungu ametutukana?"

"Hapana, Mzee. Angetutukana ningejua la kumjibu. Ameandika tu, kama mtu anavyoandika kwamba ng'ombe ana pembe."

Kutoka upande wa wanawake Mbuke alisimama. Hakuwa na desturi ya kusema mikutanoni.

"Yale maji aliyokunywa siku ile niliyachota mimi Nyamhala. Nilitoka nyumbani bado giza. Hakuuliza yametoka wapi?"

"Hakuuliza, mayu."

"Basi huyo ndiye aliyetuama," Mbuke alisema, akaketi.

Watu walicheka kicheko cha kuumia, wakaamua barua iandikwe. Theopista aliandika kurasa tatu kwa Kiingereza, akachana, akaandika tena kwa Kiswahili, kwa sababu, alisema, wanaolipwa kuwahudumia wananchi wasome lugha ya wananchi. Aliandika idadi ya kaya. Aliandika saa za kwenda Nyamhala na za kurudi, na wasichana wangapi waliacha shule mwaka ule. Aliandika kuhusu shimo la kilimani na vidole vya mumewe. Hakuweka neno "tunaomba" mpaka mstari wa mwisho, na hapo aliliweka kwa shingo upande. Bujiku aliipeleka mwenyewe kwa baiskeli mpaka wilayani Kahama, siku mbili kwenda na mbili kurudi, akaleta karatasi yenye mhuri kuonyesha imepokelewa.

Kisha ukaja ule ukimya wa ofisi. Kiangazi kikaisha, masika yakapita. Theopista aliandika barua ya kukumbushia. Akajibiwa kwamba suala lao linashughulikiwa. Akaandika tena kuuliza linashughulikiwa na nani. Hilo halikujibiwa.

Wakati huo neno lenyewe lilikuwa limehamia kijijini kwa kudumu. Shimo la kilimani lilijaa maji ya mvua, likawa kijani, vyura wakahamia. Wakalizungushia miiba ili mbuzi wasitumbukie, wakaliita Bakwota. Baada ya hapo kazi yoyote iliyofanywa kwa juhudi bila kuuliza ikawa bakwota. Mtu akianza kujenga ukuta uliopinda, jirani alisema, "Hapo unachimba bakwota." Mke alimwambia mumewe, "Usinichimbie bakwota leo, niambie ukweli." Theopista alijaribu kuwasahihisha. Aliwaeleza maana ya mtoni na maana ya mahali, akatoa mifano. Walimsikiliza kwa adabu ile ile ya siku zote. Siku moja alimwambia mwanafunzi aliyegawanya badala ya kuzidisha ukurasa mzima, "Kaa chini, umechimba bakwota," darasa likaangua kicheko, naye akageukia ubao asionekane.

Agosti mwaka 1977 gari la maji lilikuja. Theopista alitoka mbio darasani, akitarajia mtambo mkubwa wa kuchimbia kama aliousikia unafanya kazi kwenye mgodi wa Mwadui. Alishuka kijana mmoja mwembamba aliyevaa kaptura, jina lake Kamili, fundi wa visima vifupi, pamoja na vibarua wawili. Nyuma ya gari kulikuwa na vyuma virefu vyenye mpini wa kuzungushwa kwa mikono.

"Ndiyo hii?" Theopista aliuliza. "Mwaka mzima tumengoja, ndiyo hii keekee?"

"Shikamoo, Mwalimu," Kamili alisema. "Ndiyo hii."

"Marahaba. Hiyo haitoboi mwamba."

"Haitoboi. Ndiyo maana sitakwenda kwenye mwamba." Alifungua mfuko wake, na Theopista akaiona barua yake humo, imepigiwa mistari ya penseli. "Umeandika mambo mengi mazuri, Mwalimu. Lakini nina swali moja hukuliandika. Mwaka ule wa njaa, kila mahali palipokauka, ni wapi majani yalikauka mwisho?"

Theopista hakujua. Mzee Maduhu hakujua. Bujiku alikuna kichwa. Kamili akauliza tena, safari hii akiwatazama wanawake waliokuja na ndoo.

"Kule mbugani kwenye shamba langu la mpunga," Mbuke alisema. "Pembeni ya matete. Yale matete hayajapata kukauka tangu niolewe. Ukichimba kwa jembe kufika magotini, udongo unashika vidole."

"Mbona hukusema?" Theopista alimgeukia, karibu kupiga kelele. "Mbuke! Tumechimba mwamba miezi miwili! Umebeba maji kichwani kupasulia jiwe!"

"Mlikuwa mnatafuta maji ya kwenye karatasi," Mbuke alisema taratibu. "Mimi karatasi siijui. Na hakuna aliyeniuliza, mayu. Hata wewe."

Miaka kumi na mitatu Theopista alikuwa ameishi nyumba mbili kutoka kwa mwanamke huyu. Alimsomea barua, alimwandikia barua, alimfundisha mwanawe kuhesabu. Alikwenda mpaka Ushirombo kuuliza maana ya neno moja, wala hakupata kuvuka uwanja kuuliza swali lile. Alitaka kukasirika, lakini safari hii hakuona wa kumkasirikia isipokuwa yule aliyekuwa ndani ya gauni lake.

"Ni kweli," alisema. "Nisamehe."

Mbuke alitikisa mkono kana kwamba anafukuza nzi.

Walizungusha keekee mbugani siku nne. Siku ya kwanza walitoboa mahali pawili pakavu, na Theopista hakupata usingizi usiku wala utulivu wa kufundisha mchana. Siku ya tatu, mita tano na nusu chini, chuma kilipanda na mchanga mweupe uliolowa, kisha maji ya matope, kisha, walipokwisha kuchota nusu siku, maji meupe kabisa. Mbuke aliyaonja wa kwanza. Alimpa Otmar kata, na Otmar akaishika kwa mkono wake wa kushoto uliobaki na vidole vitatu, akanywa, akampa mkewe.

"Yana chumvi kidogo," Theopista alisema, huku machozi yakimtoka, "lakini tutayanywa hivyo hivyo."

Walijenga kwa pete za zege, wakaweka pampu ya mkono. Wasichana wa darasa la tano hawakulala tena darasani. Sasa walipiga kelele, na aliwafokea kwa hilo pasipo kuona haya. Otmar alirudi kwenye madawati. Ilimchukua miezi kujifunza kubana ubao kwa goti na kiwiko, na meza zake za baadaye zilikuwa na kona zisizolingana, lakini zilisimama.

Mkutano wa kuchagua kamati ya kisima ulifanyika Theopista akiwa darasani. Alipotoka aliambiwa kwamba amechaguliwa mwenyekiti kwa kauli moja, na Mbuke mtunza pampu.

"Nani aliyewaambia nataka?" aliuliza.

"Wewe unajua kusema na ofisi," Bujiku alijibu.

Asubuhi iliyofuata alipofika kisimani kabla ya kengele ya shule, alikuta foleni imeparanganyika, mtu mmoja ananywesha ndama juu ya zege, na shangazi wawili wakigombania nani alitangulia. Mbuke alikuwa ameshikilia mpini wa pampu na amekataa kumpa yeyote. Theopista aliweka ndoo yake chini, akapandisha mikono ya gauni.

"Toa ndama huyo!" alisema. "Haya, semeni mmoja mmoja. Anza wewe, mayu."